Kuingiza Nota kwa Vidole vya Zamani

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga, Bi Mwanahawa alinipa nafasi ya kuzungumza. Nikasimama, nikakohoa, nikasema "Ahsanteni sana," nikakaa. Mlipiga makofi kwa nguvu, na naamini furaha ile ilikuwa ya kuona hotuba imekwisha. Sasa niko nyumbani Tabata, asubuhi sina pa kwenda, na mke wangu, Mama Beni, amechoka kuniona nikikaza bawaba za milango ambayo haikuwa na tatizo. Ameniambia nikae niandike. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki pale dukani yale ambayo sikuweza kuyasema keki ikiwa mdomoni.

Vyeo sivitaji. Niliingia nikiwa mwandishi wa nota, nikatoka nikiwa mwandishi wa nota, na katikati hakuna aliyepata wazo lingine juu yangu.

Nilifika Kariakoo nikiwa kijana kutoka Songea, na sauti ya besi, na imani kwamba Dar es Salaam ilikuwa inanisubiri mimi. Haikuwa inanisubiri. Aliyenipokea ni Mzee Omari, baba yake Bi Mwanahawa, mwenye duka la uchapaji Mtaa wa Sikukuu, kati ya muuza vitenge na muuza masufuria. Alichapa kadi za harusi, lakini wanakwaya walimjia kila siku kutaka nyimbo zao ziandikwe nota na kutolewa nakala. Mzee Omari hakuwahi kuingia kanisani maishani mwake, ila biashara aliijua.

"Harusi zina msimu, bwana," aliniambia. "Kwaya hazina. Je, nota unazijua?"

"Nazijua, Mzee."

Hiyo ilikuwa kweli kwa kiwango kile ambacho mtu anayejua kula samaki anajua kuvua. Kuimba nota nilijua, mapadre walinifundisha. Kuziandika kilikuwa kitu kingine kabisa.

Alinikabidhi kwa Mzee Likwena, Mmakonde mrefu asiyecheka, ambaye alikuwa ameandika nota pale tangu duka lianze. Siku hizo tulitumia stensili. Ninyi hamkuiona, kwa hiyo nieleze: ni karatasi laini yenye nta. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, kisha unaivalisha mashine ya kudurufu, na wino unapita pale tu ulipokwaruza. Ukikosea unaziba kwa dawa iliyonuka kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unakwaruza tena. Mimi kwa hamasa ya siku ya kwanza niligandamiza kalamu hadi kila kichwa cha nota kikachomoka na kuacha tundu. Nakala ya kwanza ilipotoka, karatasi ilikuwa na madoa meusi makubwa kama zabibu.

Mzee Likwena aliinua karatasi ile dirishani, akaitazama muda mrefu.

"Hujaandika wimbo," alisema. "Umeupiga risasi."

Alinifundisha kwa utaratibu wake. Kwanza andika maneno, ndipo nota, kwa sababu mwimbaji anasoma neno, na nota anaiona kwa pembe ya jicho. Ukiyabana maneno ili nota zipate nafasi, umemnyima mtu hewa. Usifungue mstari wa pili kabla hujauimba wa kwanza. "Kama wewe mwenyewe huwezi kukiimba ulichokiandika," alikuwa akisema, "usimpe mwenzio akaaibike nacho mbele ya watu." Kwa hiyo kutwa nzima mimi na yeye tulikuwa tunaguna pale mezani kama watu wenye maumivu ya tumbo, na wateja wa kadi za harusi wakawa wanatutazama kwa huruma.

Alipostaafu na kurudi kwao Newala, kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia mjini, na Mzee Omari alinunua moja yenye programu ya kuandikia nota. Nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza kila kitu na kuona kinachoharibika. Mtindo wake ulikuwa hivi: unabonyeza herufi ya sauti, kisha unabonyeza tarakimu ya urefu wake. Sauti kwanza, urefu baadaye. Ilikuwa kama kununua kitenge pale kwa jirani: unachagua kitambaa, halafu unasema mita ngapi. Kitu cha kawaida kabisa, nilidhani, na kwamba Mungu hakuacha njia nyingine.

Nilikaa na programu ile muda mrefu kuliko ndoa nyingi tulizozichapia kadi. Vidole viliizoea hadi nikapata tabia mbaya, ambayo baadhi yenu mliikuta: nilikuwa namtazama mteja usoni huku nikiandika. Haikuwa adabu. Nilitaka aone kwamba siangalii kibodi. Wanakwaya walianza kuniita Mwalimu Nota, nami sikuwakataza.

Kazi ngumu zilikuwepo. Yupo mwalimu wa kwaya mmoja kutoka Mbagala aliyekuja bila karatasi yoyote, wimbo wote ukiwa kichwani, sauti zote nne. Aliimba besi, akaimba teno, akaimba alto. Alipofika kwenye soprano, muuza vitenge alikuja mbio kuuliza kama tunahitaji gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Wimbo ule tuliumaliza, na hadi leo naamini ni mzuri, mradi asiuimbe yeye.

Kisha waliotengeneza ile programu wakatangaza kwamba wanaachana nayo. Mimi sikujali. Niliona ni kama mtu akikwambia kiwanda cha viatu vyako kimefungwa. Viatu si unavyo mguuni? Lakini kompyuta yenyewe ilianza kuzimika katikati ya nyimbo, na asubuhi moja haikuwaka kabisa. Bi Mwanahawa, ambaye wakati huo alikuwa ameshalirithi duka, alileta kompyuta mpya, programu mpya, na Rehema.

Rehema mnamjua. Alikuwa ametoka chuo cha sanaa, binti mwepesi wa kucheka, na wakati huo alikuwa na ujauzito wa mtoto wake wa kwanza. Alinisogezea kiti kwa heshima zote.

"Shikamoo Mzee Mapunda. Leo tunaanza kuingiza nota."

"Marahaba. Mwanangu, nota mimi nilianza kabla hujazaliwa."

"Sawa Mzee. Basi tuandikie huu mstari mmoja tu."

Nikamtazama usoni, kama ilivyo desturi yangu, vidole vikaruka. Herufi, tarakimu, herufi, tarakimu. Niliposhusha macho kwenye kioo sikuutambua wimbo. Katika programu mpya urefu ndio unaotangulia: unabonyeza tarakimu kwanza, ndipo sauti. Kwa hiyo tarakimu niliyomkusudia huyu ilimwendea anayefuata, naye akamwachia jirani yake ya kwake, mpaka mstari mzima ukawa kama familia iliyovaa nguo gizani. Isitoshe, tarakimu zenyewe zilikuwa zimehama. Ile niliyozoea kuwa pigo moja, huku ilikuwa mapigo mawili.

Nikabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, ambacho zamani kilinifanyia kazi nyingine kabisa. Huku kazi yake ni kupiga wimbo. Na spika za duka zilikuwa zimeunganishwa, maana Bi Mwanahawa asubuhi hupenda kusikiliza kaswida. Basi ule mstari ukapigwa kwa sauti ya juu mbele ya wateja wote, pamoja na mama mmoja aliyekuja kuchagua kadi za harusi ya mwanawe. Akauliza kwa upole kama tunafundisha watoto muziki.

"Ndiyo, mama," Rehema alijibu haraka. "Ndiyo kwanza wanaanza."

Ningejifunza siku ile ile yangekwisha. Badala yake nilikasirikia programu. Niliendelea kuandika kwa mtindo wangu kisha kusahihisha nota moja moja kwa kipanya, kama mtu anayepiga pasi shati akiwa amelivaa. Wimbo mmoja wa kuingilia maharusi kanisani niliutoa hivyo hivyo, kila nota ikiwa na urefu mara mbili ya unaotakiwa, na sikugundua. Mwalimu wa kwaya alirudi baada ya mazoezi, akaweka karatasi mezani taratibu.

"Mwalimu Nota, wimbo ni mtamu. Tatizo ni kwamba kwa mwendo huu, maharusi watafika altareni wakiwa na wajukuu."

Nilimwendea Bi Mwanahawa ofisini.

"Dada, naomba ile kompyuta ya zamani itengenezwe."

"Kaka Gaude," alisema, bila hata kuinua macho, "ile imekufa. Fundi ameshaifungua. Ndani kulikuwa na mende wengi kuliko waya."

Nikatafuta njia ya kizee. Nilitangaza kwamba kuanzia sasa mimi nitaandika kwa mkono kwenye karatasi, Rehema ataingiza kwenye kompyuta, na mimi nitakagua. Kazi ya ukaguzi nilijipa mwenyewe na hakuna aliyenipinga. Ilikuwa nzuri sana. Ungenikuta nimekaa na kalamu nyekundu sikioni, nimekunja nne, nikikagua. Huenda ningestaafu hivyo, kama asingekuja Mzee Shaibu.

Aliletwa na binti yake, Bi Zuhura, anayekaanga samaki pale Feri. Waliingia asubuhi, mzee amevaa kanzu iliyopigwa pasi, binti amebeba fidla iliyofungwa kwa kanga. Wao ni watu wa Gerezani tangu mababu. Mchana Mzee Shaibu alikuwa fundi wa kushona suti. Usiku, enzi zake, alipiga fidla katika kundi la taarabu na kulitungia nyimbo. Kundi lilivunjika. Wenzake wote walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

"Shikamoo Mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika nyimbo?"

Bi Zuhura ndiye aliyeeleza. Mkono wa kulia wa baba yake, ule wa upinde, ulikuwa umeanza kutetemeka, na daktari alisema kutetemeka kule kutaongezeka. Nyimbo za mzee hazikuwa zimeandikwa wala kurekodiwa popote. Mjukuu wake, Salma, alikuwa Unguja akijifunza fidla, na alikuwa anasoma nota vizuri. Kila akipiga simu aliwauliza zile nyimbo za babu. Siku ambayo mkono ungegoma, nyimbo zingebaki ndani ya mzee mahali ambapo hakuna wa kuzifikia.

"Asubuhi mkono unatulia kidogo," Bi Zuhura alisema. "Ikifika adhuhuri, hata kikombe anashikiwa."

Hapo ukaguzi wangu ulipata mtihani. Mzee Shaibu hakuwa anasoma nota. Nikiandika kwa mkono, angejuaje kama nimeandika wimbo wake au wa mtu mwingine? Njia pekee ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta pale pale, kumpigia asikie, asahihishe, tuendelee. Pia taarabu ina zile sauti zinazokaa katikati, si hii wala ile, ambazo programu yangu ya zamani haikuzijua kabisa. Ile mpya ilizijua na ilizipiga. Rehema alizitafuta akazipata, na mzee aliposikia ya kwanza alishtuka kama ameitwa jina.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Ni mashine, babu," Rehema alisema.

"Mashine imefundishwa na nani?"

Tuligawana kazi. Mzee alipiga kipande kifupi, mimi nilisikiliza na kutaja sauti na urefu, Rehema aliingiza, spika zikapiga, mzee akatikisa kichwa kukubali au kukataa. Asubuhi kadhaa zilikwenda vizuri hivyo. Nilijiona mtu wa maana. Nilisahau kwamba katika meza ile mwenye kazi alikuwa mwingine, na mwenyewe alikuwa amejishika kiuno.

Mtoto wa Rehema hakusubiri tarehe aliyopangiwa. Binti alitoka dukani mchana akisema mgongo unamsumbua, na kesho yake tukapata habari ya mtoto wa kike, mama na mwana wazima. Tulishangilia sana. Kisha mimi nikaitazama kompyuta.

"Tumngoje Rehema arudi?" Bi Mwanahawa alimuuliza Bi Zuhura.

"Mkono haumngoji Rehema," Bi Zuhura alijibu.

Wakanigeukia mimi. Nilisema "Tutajaribu," kwa ile sauti ambayo mtu huitumia akijua kwamba hawezi.

Nilimpigia Rehema simu, kwanza kumpongeza. Mtoto alikuwa analia upande wa pili, sauti safi kabisa, bila kutetereka.

"Mwanangu, nisaidie. Vidole vinakataa."

"Mzee, niambie ukweli. Bado unaanza na sauti?"

"Vinaanza vyenyewe. Mimi havinisikilizi."

Akacheka hadi mtoto akanyamaza kumsikiliza. "Mzee Mapunda, wewe unamimina chai, halafu ndiyo unatafuta kikombe. Shika kikombe kwanza. Kikombe kikubwa au kidogo, hiyo ndiyo tarakimu. Ukishakishika mkononi, mimina sauti unayotaka. Na usifanye kimoyomoyo. Taja kwa mdomo mpaka vidole vione aibu."

Basi nikawa nataja. Nyumbani nilikaa mezani nikigonga kwa vidole huku nikisema, "Pigo moja, so. Nusu, mi. Nusu, re." Mama Beni alinitazama kutoka jikoni.

"Baba Beni, hiyo meza imekukosea nini?"

Nikitembea Kariakoo nilitaja pia. Nilipita kwa kijana anayeuza matikiti nikisema "nusu, la, nusu, ti," naye akaniita, "Mzee, nusu hapana, chukua zima!" Nililichukua. Ningemweleza nini?

Mzee Shaibu aliporudi nilikuwa na uwezo wa mtu anayejifunza baiskeli: naenda, ila kona sikati. Alipiga kipande. Nikashika kikombe, nikamimina, nikashika, nikamimina, nikasahau kikombe, nikamimina mezani. Spika zikapiga. Mzee aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Huyu anayepiga ni nani?"

"Ni mimi, Mzee."

"Umekunywa?"

"Hapana, Mzee. Ndivyo nilivyo."

Bi Zuhura alificha uso kwenye ushungi wake. Mzee hakucheka. Alinitazama, halafu akautazama mkono wake uliokuwa juu ya upinde.

"Mimi fidla nilifundishwa na mtu aliyekuwa akinichapa kwa upinde wake," alisema. "Wewe una bahati. Wangu siushiki sawasawa. Haya, anza tena."

Tulianza tena. Tulianza tena mara nyingi. Asubuhi zilikuwa fupi, na kila siku adhuhuri ilinikuta mapema kuliko jana. Kuna siku tulitoka na mstari mmoja tu, nikamsindikiza mzee hadi mlangoni nikashindwa kumwangalia Bi Zuhura. Alikuwa anaacha moto na mafuta yake Feri kwa jirani ili aje pale, na mimi nilikuwa nampotezea asubuhi za babake kwa vidole vyangu. Nilirudi nikaketi, nikaingiza nyimbo zote za utotoni nilizozijua, moja baada ya nyingine, hadi muuza vitenge akaja kuniuliza kama nimerudi shule ya msingi. Nikamwambia ndiyo, na darasa ni la kwanza.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa kwanza aliowahi kutunga, ambao Salma alikuwa akiuulizia zaidi ya yote. Mzee aliuacha nyuma, nadhani kwa makusudi, kama mtu anavyoacha mnofu kwenye sahani. Asubuhi ile Bi Zuhura aliingia akiwa amebeba fidla kama kawaida, lakini mzee alipoushika upinde ulianza kucheza hewani kabla haujagusa uzi. Akaujaribu tena. Akaushusha magotini.

Nje mtu wa spika alikuwa anatangaza mitumba ya Mchikichini kwa bei ya kutupa.

"Baba, turudi kesho," Bi Zuhura alisema.

"Kesho utaniletea mkono gani?" Mzee akanigeukia. "Bwana Mapunda, ukisikia mtu anaimba kwa pua, unaweza kuandika?"

"Naweza, Mzee." Safari hii hakuna jambo nililokuwa na uhakika nalo kuliko hilo; ndiyo kazi niliyoifanya na Mzee Likwena maisha yangu yote ya ujana.

Akaanza kuguna. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilijua inakokwenda. Mkono wake wa kushoto, ambao haukuwa na tatizo, uliishika shingo ya fidla na kunionyesha kila sauti inapokaa, na zile za katikati alizionyesha kwa kuviringisha kidole kidogo. Mimi nilimtazama mdomo na vidole, kwa kuwa nikigeuka tu ningepoteza kitu. Kipande, kisha spika. Kipande, kisha spika. "Hapo shusha," alisema. "Siyo hivyo. Kidogo. Nusu ya hapo. Enhe." Tulipofika mwisho wa wimbo, Bi Zuhura ndiye aliyegundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimetaja chochote kwa mdomo. Vidole vilikuwa vimeona aibu vyenyewe.

Tuliupiga wote, toka mwanzo hadi mwisho. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Ndio huo," akaomba maji.

Rehema aliponiuliza kwa simu nilimwambia kila kitu, na nikaongeza chumvi kidogo mahali panaponihusu. Kisha nikazipanga kurasa, nikaweka maneno, nikazichapa, nikazifunga vizuri kwa jalada la bluu.

Salma alikuja likizo, binti mrefu mwenye fidla yake mgongoni. Walikuja wote watatu dukani, maana mzee alisema lazima wimbo usikike pale ulipoandikwa. Bi Mwanahawa alizima kaswida. Rehema pia alikuja, na mtoto mgongoni. Salma akaweka ile karatasi ya wimbo wa mwisho juu ya rundo la kadi za harusi, akaisoma kwa macho mara moja, akaanza kupiga.

Jamani, sikuwahi kusikia kitu kama kile kikitoka kwenye karatasi yangu. Alikuwa hajawahi kuusikia, lakini aliupiga kama aliyelelewa nao. Nilikuwa nimeanza kunyoosha mgongo, tayari kwa sifa, ndipo akafika katikati ya ubeti wa pili na mimi nikageuka kuitazama karatasi. Mzee alikuwa ameguna sauti fupi, kisha kimya, kisha akaendelea. Salma alishika sauti ndefu, moja kwa moja, bila kimya. Nilijua pale pale nilichokifanya. Nilipokuwa napanga kurasa, mzee ameshaondoka, nota ile ilikuwa imechaguliwa kwenye kioo na kidole changu kikagusa tarakimu. Katika programu hii, ukigusa tarakimu nota inarefuka na kumeza kimya kinachoifuata. Wimbo wa kwanza wa mtu, na mimi nimeutia mkono.

"Simama kidogo, mwanangu," nilisema. "Hapo nimekosea mimi. Pana kimya hapo. Narekebisha sasa hivi, dakika moja tu." Nikaanza kuielekea kompyuta.

"Acha," Mzee Shaibu alisema.

"Mzee, siyo ulivyoimba."

"Najua nilivyoimba. Pale nilivyoutunga palikuwa parefu hivyo hivyo. Mwimbaji wetu alikuwa na sauti nzuri, lakini pumzi hana, Mungu amrehemu. Kila akifika pale anakatika. Basi nikaikata na fidla yangu ili watu wasimcheke, nikaizoea hivyo miaka yote." Akamwashiria Salma ainue upinde. "Sasa hayupo wa kusitiriwa. Acha irefuke."

Rehema alinikodolea macho. Baadaye aliniuliza kama nilifanya makusudi, na nawaachia ninyi mkumbuke nilivyomjibu, maana mlikuwepo, na mlicheka.

Salma akarudia kutoka mwanzo. Mzee Shaibu hakuwa akitazama karatasi wala mjukuu wake. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya goti, vikitangulia nota moja mbele ya Salma, na vilipofika pale kwenye sauti ndefu vikakaza, vikatulia, vikaingoja iishe yote.